Kompyuta Zetu Zilikuwa Zinaishi Mwaka wa 2009

Fundi wa kwanza niliyemleta alizunguka maabara yetu dakika tano, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hizi ni za kutupa. Nunueni mpya." Kisha akaomba nauli. Nilimpa mia tatu, na mpaka leo zinaniuma.

Shule yetu iko Eastlands, Nairobi. Kompyuta zilikuwa 22, zote za msaada, na zilizotumika ni 9. Nyingine zilikuwa na ugonjwa mmoja: ukiwasha, skrini nyeusi inakudai ubonyeze F1, ukifika kwenye intaneti, kila tovuti inalalamika kuhusu usalama na kukufungia. Wanafunzi walishaamua ni virusi. Mwenzangu wa ofisini akashauri tulipie intaneti ya kasi zaidi. Nusura tulipe!

Siku moja, nikipigana na mojawapo ya zile mbovu, jicho likatua kwenye saa pembeni mwa skrini. Mashine ilikuwa inaishi mwaka wa 2009. Ya jirani yake, 2011. Nilicheka peke yangu mpaka watoto wakaangaliana. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa hata umeme ukizimwa. Ikifa, mashine inasahau tarehe. Sasa tovuti ikionyesha cheti chake cha usalama cha mwaka huu, mashine iliyokwama 2009 inaona cheti ambacho hakijaanza kutumika, inakikataa. Kasi ya intaneti haihusiki hata kidogo.

Jumamosi nikashuka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini, nikanunua betri za kutosha. Bei sikumbuki vizuri, ila hazikumaliza hata elfu mbili. Vijana wawili wa Form Two walinisaidia kubadilisha. Mmoja alipachika yake kichwa chini, tukapoteza saa nzima tukiilaumu mashine ya watu. Upande wenye alama ya kujumlisha unatazama juu, jamani. Kufikia jioni zilizo hai zilikuwa zimefika 17, ukijumlisha zile 9, nami natembea kama daktari bingwa. Kwa siku ambazo bando limekwisha, niliwapakulia wanafunzi Wikipedia ya Kiswahili kwa programu iitwayo Kiwix. Inasomeka bila mtandao.

Kumbe kazi bado. Watoto watatu kwa mashine moja, na mwenye mabavu ndiye mwenye kipanya. Nikapanga zamu kwa alfabeti, nikajiona mwerevu. Wiki ya tatu ujumbe wa wanafunzi ukaja ofisini: Wafula, Wambui, Wanjiru na Wekesa, nyuso zimenuna. Kipindi kilikuwa kinaisha kila mara kabla hatujavuka herufi M. Akina Abdi na Achieng walikuwa wameshazoea hata kuchapa bila kutazama vidole.

Jibu nililipata ndani ya matatu, nimebanwa mlangoni. Kesho yake nikatangaza: kila mashine ina dereva, makanga na abiria. Dereva peke yake ndiye anayegusa. Makanga anasoma maagizo kwa sauti na kumwambia wapi akate kona. Abiria anaandika kwenye daftari kilichofanyika. Kila dakika 10 nagonga meza, napaza sauti, "Stage!" na wanabadilishana viti. Makanga akigusa usukani, anashushwa. Kelele ziliongezeka, lakini Wekesa sasa anachapa.

Kilichobaki kilikuwa ufunguo, uliokaa mfukoni mwa naibu wa mwalimu mkuu, na yeye hukaa mikutanoni. Nilipoomba maabara ifunguliwe saa ya chakula cha mchana, akaniuliza, "Mwalimu, kipanya kikipotea, utalipa wewe?" Nikasema nitalipa. Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikaandika namba kwenye kila kipanya. Viongozi wa darasa wanavihesabu mlangoni na kutia sahihi kwenye daftari.

Mpaka sasa kimepotea kimoja tu, namba 14. Nililipa kama mia nne, mbele ya naibu, bila kubisha. Wiki iliyofuata nikakikuta kwenye mkoba wangu, chini ya vitabu vya kusahihisha. Naibu bado sijamwambia.