Nimeanza na daftari

Mwaka jana tulilipa kijana wa kipaza sauti atangaze sabuni yetu soko la Kadutu, hapa Bukavu. Mauzo yakapanda, tukashangilia. Kumbe ilikuwa Septemba, shule zimefunguliwa, kila mama anatafuta sabuni ya kufulia sare! Tangazo lilileta wangapi? Hatukuwa na namba ya kabla, basi hatutajua kamwe. Iliniuma sana.

Safari hii ninaandika kwanza. Wiki 4 nzima, kila jioni, miche ya sabuni iliyouzwa Kadutu na iliyouzwa Bagira, mtaa mwingine ambako hatutatangaza. Daftari limejaa alama za vidole vya mawese. Kadutu ikipanda peke yake, kijana ametusaidia. Zikipanda zote mbili, huenda ni msimu. Jana mama wa Bagira ameniletea hesabu ya mwisho. Jumatatu kijana anaanza.