Shangazi na yule mwanamke wa ukutani

Juzi binti yangu katoka shule ya Jumapili na swali: eti kucheka kanisani ni dhambi? Nikashindwa kumjibu, maana nilishaanza kucheka mwenyewe. Nilimkumbuka Shangazi kule Kilpeck, kijiji cha Uingereza.

Shangazi yangu huyu ni wa Masasi. Alipokuja Uingereza alisema maghorofa ya London keshayaona, sasa apelekwe kwenye kanisa la wazee. Mwanglikana wa Masasi akisema hivyo, hubishi. Tukaenda Kilpeck, mkoani Herefordshire.

Kanisa dogo la mawe mekundu, la Wanormani, la mnamo 1140. Mlangoni majoka yanamezana kuzunguka tao, na mashujaa wa suruali za mistari wamenaswa kwenye mizabibu. Tukaingia, tukasali, tukatoka.

Nje ndiko kwenye mambo. Chini ya paa yamejipanga mawe yaliyotokeza kama vichwa vya boriti, yamebaki 85, na karibu kila moja limechongwa kitu. Mbwa na sungura wamebanana shavu kwa shavu, Shangazi akawachekea. Kisha, pale ukuta unapopinda nusu duara nyuma ya madhabahu, akasimama ghafla. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga iliyochungulia chini ya koti, akaivaa tena.

Mwanamke wa jiwe. Kichwa kipara, macho yamemtoka, kapitisha mikono nyuma ya mapaja na kujipanua waziwazi, mchana kweupe.

Nikamvuta, ati twende tukaone magofu ya ngome. Hasogei. Mzee mmoja Mzungu, mgeni kama sisi, akatueleza kwa upole kuwa wataalamu wanabishana maana yake: onyo dhidi ya zinaa, kinga dhidi ya mashetani, au mambo ya uzazi. Nikamtafsiria Shangazi, mtu aliyefunda mabinti miaka na miaka, tena kwenye dayosisi ambayo Askofu Vincent Lucas aliliingiza jando kanisani enzi za Mwingereza.

Akaguna. "Mwambie huyo baba, huyu ni kungwi. Yuko kazini."

Akatazama tena, akatikisa kichwa. "Ila wamemkosea kumweka nje. Wanaume wote wanapita hapa!"

Akaangua kicheko katikati ya makaburi. Sijui kama aliwazidi wataalamu au aliona tu ya kwao. Mzee akataka kujua kasema nini. Nikamwambia anasifu uchongaji.