Silika Jeli Yageuka Kijani Njiani Amani

Nauli ya mzigo kutoka Muheza kwenda Amani, juu milimani Usambara, haina kanuni. Konda aliitazama ndoo yangu, akataja elfu kumi, tukabishana hadi elfu saba, na bado akaipandisha kwenye keria akidai ndani hakuna nafasi. Viti viwili vya nyuma vilikuwa vimekaliwa na magunia ya sukari. Nilimwambia ndani ya ndoo mna dawa isiyotakiwa kuona maji. Akajibu, "Dada, imefunikwa hiyo," akapiga bodi, gari likaondoka.

Mvua ilitukuta kabla ya Sigi. Gari likanasa kwenye tope, watu wakateremka kusukuma, na mahali fulani katika kurushwarushwa kule mfuniko ukapasuka. Nilipoifungua ndoo usiku, chumbani, nilitamani kulia. Punje za silika jeli, dawa ya kunasa unyevu, zikiwa kavu huwa na rangi ya chungwa. Hizi zilikuwa kijani kibichi hadi chini, na za juu zilizopigwa na maji yenyewe zilikuwa zimepasuka vipande vipande.

Nieleze kwa nini nilichanganyikiwa. Nilikwenda kuchuma majani ya msambu, Allanblackia stuhlmannii, mti wa milima ya Tao la Mashariki usioota porini kwingine duniani, ili maabara ipime anuwai ya vinasaba vyake. Jani likinyauka polepole, vimeng'enya vyake vyenyewe hukatakata DNA, yaani vinasaba hivyo, na ukungu humalizia. Kwa hiyo unachana kipande kidogo, unakitia kwenye kifuko chenye silika jeli yenye uzito mara kumi ya jani, na kinatakiwa kikauke ndani ya saa 24. Watafiti wanaitumia njia hii tangu miaka ya 1990, na kule juu, ambako friji ya maabara haipo, sikuwa na nyingine.

Mama mwenye nyumba alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamwomba sufuria pana na jiko la mkaa. Sufuria akaniuzia elfu kumi na tano, nayo ina kibonyeo ubavuni, kwa sababu baada ya dawa ile isingepikiwa tena. Chumba chenyewe elfu thelathini na tano, maji ya moto hakuna. Nikalipa.

Tukaanza kukaanga. Moto mdogo, maana joto likizidi ile rangi huungua na hutajua tena kama punje imekauka. Nilikoroga kwa mwiko, na mvuke ukaanza kupanda mwembamba. Punje moja ukingoni ikafifia kijani chake, ikawa kama ya majani makavu, kisha ikarudi rangi ya chungwa. Halafu ya pili. Mama akavuta kigoda.

"Maji yalikuwa ndani yake?"

Nikamwambia yalikuwa yamenata kwenye kuta. Kila punje imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na gramu moja tu ina kuta za ndani zenye eneo la mamia ya mita za mraba. Mvuke ukipita hunaswa kwenye kuta hizo bila kuibadilisha silika yenyewe, ndiyo maana joto linaweza kuufukuza na punje ikaanza kazi upya. Mkaa ulioamilishwa wa barakoa za gesi hunasa gesi za sumu kwa njia hiyohiyo. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2025 ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kubuni vitu vyenye vyumba vya namna hiyo, vinavyoweza kunasa hata kaboni dayoksaidi. Mimi usiku ule nilikuwa na silika ya kawaida na sufuria iliyobonyea, na ilitosha. Tulimaliza jogoo wakiwika.

Siku zilizofuata zilikuwa kupanda na kushuka tu, na ruba miguuni. Mzee aliyetuongoza aliuelewa mti ule kuliko karatasi zangu. Msambu una miti dume na miti jike. Jike huzaa matunda makubwa ajabu, mengine yanapita sentimita 30, na mbegu zake hutoa mafuta. Panya buku huzigombania na watu. Mzee alisimama penye kisiki katikati ya mihiliki.

"Hili lilikuwa dume, mwanangu. Halizai, wanasema linakula ardhi bure. Wanakata."

Nikauliza mangapi yamebaki upande ule. Akazungusha mkono kuonyesha mashamba, akanyosha kidole msituni: "Mpaka kule."

Nilichuma kwenye miti iliyoachana mita 100 na zaidi, nisije nikapima ndugu wa tumbo moja. Lakini kama madume yamebaki machache, chavua yote inatoka kwa wachache hao, na miche yote ya bondeni ni watoto wa baba mmoja au wawili, hata jike wakiwa hamsini.

Nikawaza kwetu Korogwe. Mvule nao una dume na jike. Nilipopata mtandao nilimpigia mjomba kumuuliza ule wa shambani kwa babu huwa unatoa matunda. Akasema tangu jirani auze mvule wake kwa watu wa mbao hajaona mche hata mmoja, na watu walewale wameshauulizia na wa kwetu. Nimemwambia asipokee hata senti mpaka nifike.