Sandwichi ya kuku wa teriyaki na nanasi la Geita, dakika 20 jikoni

Vitu vyote vya sandwichi ya kuku wa teriyaki, yaani kuku wa Kijapani anayeng'arishwa na sosi tamu ya soya, vinapatikana hapahapa Mwanza kasoro kimoja tu, mirin, ile pombe tamu ya mchele ambayo Wajapani wanatia kwenye sosi yao, na hicho nimeshakipatia mbadala ambao kwangu mimi umekuwa ndio wenyewe. Nanasi. Sio la kopo, namaanisha nanasi la Geita lile linalofika sokoni asubuhi bado lina udongo wa shambani kwenye magamba.

Naelezea ninavyofanya kwa sababu kila nikiwasha jiko hapa Buzuruga jirani lazima apige hodi kuuliza hiyo harufu ni ya nini, na mdogo wangu anayesoma chuo akija wikiendi anaulizia sandwichi kabla hata hajaweka begi chini, kwahiyo nimeona bora niweke yote sehemu moja mtu asome ajaribu mwenyewe.

Tuanze na kuku. Nachukua mapaja, sio kidali. Kidali kikizidishiwa moto kidogo tu kinakauka, paja lina mafuta yake linavumilia. Na ni kuku wa kisasa, najua huku kwetu kuku wa kienyeji ndio kuku, hata mimi kwenye mchuzi simbadilishi, ila huyo mpaka umchemshe kwanza na hii ni kazi ya haraka ya mtu aliyetoka kazini jioni. Sokoni namwambia tu kaka anayechinja, "Kaka naomba unitolee mifupa ila ngozi iache," anachana paja upande wa ndani, anapitisha ncha ya kisu pande zote mbili za mfupa, anauinua, anakata pale kwenye kiungo, imeisha hiyo. Mifupa ananifungia kwenye mfuko wake, naenda kuichemshia supu.

Nikifika nyumbani nalifungua paja, nalilaza kwenye kibao na kuligonga taratibu na mchi wa kinu kile kidogo mpaka unene ulingane, maana upande mmoja ukiwa mnene na mwingine mwembamba huku kunaungua kule bado kubichi. Alafu nalikausha na kitambaa safi au tishu. Hii watu wanairuka na mimi nasisitiza sana, nyama ikiwa na majimaji inachemka kwenye kikaango badala ya kukaangika, inakuwa nyeupe haina rangi, na hapo sosi haishiki.

Sasa sosi yenyewe. Kwa mapaja manne mi naweka soya sosi robo kikombe, juisi ya nanasi nusu kikombe, sukari vijiko viwili vya chakula (ya brauni kama ipo, nyeupe nayo inafanya kazi), siki kijiko kimoja cha chai, kipande cha tangawizi na punje mbili za kitunguu swaumu nimevikwangua vyote kwenye grata. Ndimu na pilipili vinaingia mwishoni, nitavisema mbele. Chumvi siweki kabisa, soya sosi ina chumvi ya kutosha kulisha chakula chote. Na kwenye soya sosi soma maandishi ya nyuma ya chupa kabla hujalipa, ile ya kweli inatokana na soya na ngano zilizovundikwa muda mrefu, utaona vimeandikwa, kuna nyingine ni maji na chumvi na rangi tu, hiyo inatia weusi lakini ladha hakuna. Nanasi nalikatakata vipande vidogo, naliponda, nalikamua kwenye chujio, kwa kiasi hiki hata blenda sihangaiki nayo.

Kitu kimoja kuhusu nanasi, usiloweke nyama kwenye juisi yake usiku kucha ukidhani itakolea. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kinaitwa bromelini ambacho kinamega protini, dakika chache kinalainisha, ukiacha masaa nyama inakuwa kama uji. Ukiichemsha juisi ile nguvu inakufa, ndio maana kwangu nanasi linakutana na kuku kwenye moto tu.

Kuna watu wataniambia teriyaki ya nanasi sio teriyaki. Mi nawaelewa, ila hiki kitu kimesafiri na watu na kila kilipofika kilishika vya pale. Japani kwenyewe kilianzia zaidi kwenye samaki, wanamchoma kwenye moto huku wanampaka soya sosi na mirin na sake (pombe nyingine ya mchele), anarudi motoni, anapakwa tena. Wajapani waliokwenda Hawaii kwenye mashamba ya miwa kuanzia karne ya 19 wakatumia walichokikuta kule, sukari na nanasi. Seattle, Marekani, ni Mjapani Toshihiro Kasahara aliyefungua mgahawa mwaka 1976 akauza kuku wa teriyaki na wali, mji mzima ukamfuata. Na kuiweka kwenye mkate sio uvumbuzi wa Wazungu, Mos Burger, migahawa ya baga ya hukohuko Japani, iliingiza baga ya teriyaki mwaka 1973. Sasa mtu wa Mwanza akitia nanasi la Geita kosa liko wapi?

Turudi jikoni. Nawasha gesi, kikaango kizito kikipata moto wa wastani natia mafuta kijiko kimoja tu cha chai, naweka mapaja ngozi chini na naacha. Usiguseguse. Ngozi itanata mwanzoni, ikishaiva inajiachia yenyewe, ni kama dakika 6 hivi, ukigeuza unakuta imekuwa kahawia na mafuta yametoka. Upande wa pili dakika 4 au 5. Kama paja ni nene nafunika kidogo, na nachoma na ncha ya kisu pale penye nyama nyingi, maji yanayotoka yawe meupe yasiwe na wekundu. Mafuta yaliyozidi naya­mwaga pembeni kwenye bakuli, yabaki kidogo sana kikaangoni, usiyatupe yana kazi baadae.

Hapo ndio sosi inaingia, mwishoni, na hii ndio siri yote ya hiki chakula kama kuna siri. Sukari inaungua haraka, ukiiweka mwanzo kuku yuko mbichi ndani na nje ameshakuwa mkaa na uchungu juu. Ukimwaga sosi kwenye kikaango cha moto inalipuka povu, mapovu madogo madogo yanakimbizana, inanukia tangawizi mpaka koridoni. Punguza moto, simama hapohapo, usiende kuangalia simu. Baada ya dakika kama 3 mapovu yanabadilika, yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole, na ukipitisha kijiko chini ya kikaango unaona njia inabaki wazi kidogo kabla sosi haijarudi kuifunika. Hapo unageuza nyama huku na huku, unaichotea sosi kwa juu, unaona inaanza kung'aa pembeni, rangi ya asali iliyokolea. Zima. Wengine wanatia konflawa kuharakisha uzito, inasaidia kama una haraka mno, kijiko cha chai umekoroga na maji ya baridi, ila mng'ao wa sukari iliyopungua yenyewe ni tofauti, we jaribu zote mbili utaona.

Mama yangu alipokuja kutoka Magu nilimpikia, nikampa kipande kwanza kwenye sahani. Akatafuna, akanyamaza, akaniuliza, "Hii nyama mbona umeitia asali?" Nikamwambia sio asali mama, ni sukari na nanasi. Akasema, "Nyama na sukari wapi na wapi mwanangu." Nikamsikiliza, kwa sababu ulimi wa watu wetu haujazoea utamu kwenye kitoweo, hilo ni kweli kabisa, kwahiyo sosi iliyobaki nikaikamulia ndimu na kuikatia pilipili mbuzi moja bila mbegu, nikamgeuzia kipande kingine. Hicho alimaliza, akauliza kama kinalika na ugali. Kinalika, ila wali ni bora zaidi. Tangu siku hiyo ndimu na pilipili haviondoki kwenye sosi yangu, na kama unawapikia wazee anza na kijiko kimoja cha sukari badala ya viwili.

Mkate ni shauri lako. Skonzi inabeba sosi vizuri, slesi inalowa upesi. Yoyote utakayotumia ipashe kwanza, ndio kazi ya yale mafuta ya kuku niliyosema usitupe, paka upande wa ndani, laza kwenye kikaango kingine mpaka ikamate rangi, hapo sosi haipenyi haraka. Chini naweka kabichi iliyokatwa nyembamba sana kama ya chipsi, nimeichanganya na karoti, ndimu na mayonezi kijiko kimoja, kabichi mbichi ioshe kwa maji safi jani kwa jani tafadhali. Juu yake kuku nimemkata vipande vya mshazari, slesi mbili tatu za tango, alafu ufuta niliokaanga mkavu mpaka ukaanza kurukaruka. Ufuta unauzwa bei ndogo kwa wauza karanga na unabadilisha kila kitu, usiuache.

Kama ni ya kubeba kazini au mtoto anapeleka shule, mkate ufunge peke yake, kuku na sosi kwenye kontena, kabichi kwenye kingine, vikutane wakati wa kula.

Sosi ikizidi, ile ambayo haijaingia kwenye nyama, ichemshe iwe nzito uitie kwenye chupa ya kioo kwenye friji, mi naitumia ndani ya wiki. Mara nyingi inaishia kwenye samaki, maana sisi ziwa liko hapo. Sangara wa minofu anafaa kuliko sato kwenye mkate kwa sababu nyama yake ni nene na haina miiba ya kusumbua, ila mpakaze unga wa ngano kidogo kwanza, kaanga dakika 3 kila upande, na sosi hapo iwe ya kumpaka kwa juu tu, ukimchemshia ndani kama kuku atakatikakatika.