Mtoto wa Mabatini juu ya Toubkal

Nimezaliwa Mabatini hapa Mwanza, nyumba ya tatu kutoka juu kabisa ya kilima, pale ambapo baada yetu ni mawe na mijusi tu. Mtoto wa kule hafundishwi kupanda mlima. Anatumwa chumvi, na duka liko chini.

Ndiyo maana mwishoni mwa Aprili, nilipobakiwa na siku nne baada ya mafunzo ya pampu za maji mjini Marrakech, nchini Morocco, sikusita. Kila asubuhi nilikuwa naiona safu ya Atlas kutoka juu ya paa la gesti: vilele vyeupe pee, na huku sisi jua linatuchoma utosi. Mrefu kuliko yote pale, na kuliko yote Afrika Kaskazini, ni Jbel Toubkal, mita 4,167. Jbel maana yake mlima. Ni jabali letu lile lile, ila kwetu limebaki kuwa jiwe kubwa.

Kwenye kundi letu la WhatsApp walinicheka hadi nikazima simu. Mtanzania mwenye Kilimanjaro, mita 5,895, hajawahi hata kulala Marangu, anakwenda kulipia mlima wa Waarabu! Kwanza si wa Waarabu. Wenyeji wa bonde lile ni Waamazigh, wengi tunawajua kama Waberiberi, na lugha yao ni Kitashelhit. Pili, Kilimanjaro kunataka siku tano, sita. Huku ni mbili, na mfuko wangu unajua tofauti.

Teksi ya kuchangia ilitubeba abiria sita hadi kijiji cha Imlil, kilomita kama 60 hivi kusini mwa Marrakech. Kijiji kiko kwenye mita 1,740, kwa hiyo kabla sijapiga hatua nilikuwa nimeshaipita Mwanza kwa mita 600. Njiani kuna nyumba zilizopasuka na nyingine zimebaki vifusi: tetemeko la Septemba 8, 2023, kipimo cha 6.8, lilipiga milima hii usiku na kuua karibu watu 3,000. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Hakuna aliyeongea mpaka tulipofika.

Huruhusiwi kupanda peke yako. Tangu watalii wawili walipouawa huko Desemba 2018, lazima uwe na kiongozi, na polisi wanaandika pasipoti yako njiani. Kiongozi wangu alikuwa kijana mpole mwenye Kiingereza cha kuokoteza kama changu. Mizigo ilibebwa na nyumbu. Usiwaze wale wa Serengeti. Huyu ni baghala, mtoto wa punda na farasi. Nilimsikia mwenye mnyama akimwita jina linalokaribia kabisa hilo letu, nikacheka peke yangu.

Sasa ngoja niseme kilichonisimamisha, na wala si theluji.

Ubavuni mwa mlima, juu ya miti ya jozi na matufaha, kuna mfereji mwembamba, upana wake kama beseni la kufulia. Wanauita targa. Unachukua maji kijitoni huko juu, unayapitisha ukifuata mkunjo wa mlima kwa mteremko mdogo mno, huwezi hata kuuona kwa macho, hadi yanafika juu ya mashamba ya ngazi. Hapo mtu anaondoa jiwe na udongo, maji yanaingia kwake. Zamu yake ikiisha anaziba, yanakwenda kwa jirani. Hakuna pampu wala luku ya umeme. Mimi niliyetoka kufundishwa wiki mbili jinsi ya kusukuma maji juu, nikachuchumaa pale kama mwanafunzi aliyefeli.

Kiongozi akaniuliza, kwenu je? Nikamwambia tuna ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nikitoka mlangoni kwa mama naliona lote hadi upeo, na mama ananunua maji kwa ndoo. Akacheka sana. Alidhani ni utani.

Kuna mahali panaitwa Sidi Chamharouch, jiwe kubwa limepakwa chokaa nyeupe, na watu huja kuwaombea waliopandwa na majini. Asiye Mwislamu haingii, kwa hiyo nilibaki nje na juisi yangu ya machungwa, nikilitazama lile jiwe. Kwa ukubwa, hapa kwetu lingejengewa banda la chipsi juu yake.

Tulilala kwenye nyumba ya wapandaji, mita 3,207. Nililala kwa jina tu. Kichwa kiligonga usiku kucha kama kinu. Saa kumi alfajiri tukafunga vyuma vya meno chini ya viatu, nilivyokodi Imlil, tukaanza kuikanyaga theluji gizani. Nilikuwa sijawahi kuigusa. Inalia kama unatembea juu ya sukari.

Kileleni kuna chuma kama piramidi, na upepo unaotaka kukuvua koti. Nilipiga picha nne, tatu zina kidole changu. Kusini milima inakauka, inageuka rangi ya ugali wa muhogo, inaelekea jangwani. Nikakaa dakika kumi.

Kushuka ndiko kulikonivunja. Theluji ilipoisha zikaja kokoto zinazoteleza, hatua moja unakwenda tatu bila kupenda, na majigambo yangu ya Mabatini yakaishia kwenye magoti. Kule kwetu mawe hayasogei. Baghala alinipita mara mbili.

Niliporudi Mwanza nilikwenda kwa mama moja kwa moja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Huko nako wana maji?"

Nikamweleza habari ya mfereji, zamu, jiwe na udongo. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Yanateremka yenyewe?"

"Yenyewe, mama."

"Haya. Madumu yako pale nyuma ya mlango, na kesho nina wageni."

Nikachukua mawili, nikateremka kimgongomgongo.