Nyuma kwa saa tatu kamili

Miaka ile saiba za Lamu, maduka ya intaneti, zilipokuwa bado na wateja, niliitwa Langoni kumtazamia Ami mmoja kompyuta zake. Ugomvi ulikuwa wa risiti. Mteja kalipa kwa simu, ujumbe wa M-Pesa unasema 9:40, risiti ya saiba inasema 6:40, saa ambayo mlango haujafunguliwa.

Seva ilikuwa ya Linux, na mashine nyingine zote zilitakiwa kuchukua saa kwake kwa NTP, utaratibu wa kompyuta kulinganisha saa kwa mtandao. Nikaandika ntpq -p, amri ya kuiuliza hali ya saa, haikujibiwa. Nilidhani UDP 123, mlango wa mtandao unaopitisha NTP, umezibwa, kumbe ntpd yenyewe, programu inayorekebisha saa, ilikuwa imekwisha kuzima. Kwenye kumbukumbu za mfumo iliacha sababu: tofauti ni sekunde 10,800 na ushei, na kikomo chake ni 1,000. Ikikuta pengo la namna hiyo haibahatishi, hujiondoa. Tahadhari nzuri, ila haimpigii mtu kelele.

Sekunde 10,800 ni saa tatu, na Kenya iko mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Nani asingeshuku ukanda wa saa? Nikaukagua: Nairobi, sawasawa.

"Ami, stima ikikatika huwaje?"

"Hurudi na saa za ajabu, mwanangu. Huniambia nibonyeze F1, nami naitia saa kwa mkono."

"Waitia kwa saa gani?"

Akaninyoshea mkono. Saa yake ilisema tatu na dakika hamsini. Kweli ilikuwa saa tatu na dakika hamsini za asubuhi, kwa Ami na kwa mji mzima. Basi 9:50 imeingizwa kama 3:50, pungufu saa sita. Linux nayo ikadhani saa hiyo ya ndani ya mashine ni ya Greenwich, ikaongeza tatu. Ndipo tukabaki nyuma kwa saa tatu kamili, kila siku, bila kukosea.

Betri ya ndani, CR2032, inayoishikia mashine saa stima ikikatika, ilikuwa imekufa. Fundi wa saa alikuwa nayo. Nikaiwasha ntpd kwa -g, inayoiruhusu kuruka pengo kubwa mara moja inapoanza, na mashine zikafuata.

Ami hakuridhika. Alitaka saa yake pia. Kompyuta ya mezani kwake ilikuwa Windows 7, ambayo hukubali saa ya ziada, nikamwekea ya Buenos Aires: Argentina iko nyuma ya Greenwich kwa saa tatu, kwa hiyo mishale yake hulingana na ya Waswahili mwaka mzima.

"Kumbe hawa nao wajua saa," akasema Ami.