Meza ya Ukutani

Tafakari ya wiki: Yakobo 2:1-4

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Yakobo anatuingiza ibadani na kututazamisha viti. Anakuja mwenye pete ya dhahabu, anaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri." Anakuja maskini, anaonyeshwa pa kusimama. Hakuna aliyetukanwa wala kufukuzwa. Watu wamepangwa tu.

Nikamkumbuka Hattie McDaniel, mwigizaji wa Marekani, binti wa baba aliyezaliwa utumwani. Alianza kama mwimbaji. Kazi zilipokauka akawa mhudumu wa chooni katika klabu moja ya Milwaukee, hadi alipoachiwa jukwaa aimbe. Alipofika Hollywood, karibu kila filamu ilimpa nafasi ile ile: mtumishi wa ndani, aproni kiunoni, kitambaa kichwani. (Weusi wenzake wapo waliomlaumu kwa kukubali. Leo siingii huko.) Mwaka 1939 akaigiza yaya Mammy katika Gone with the Wind. Filamu ikazinduliwa Atlanta, mji wa kusini mwa Marekani, bila yeye, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za huko.

Tarehe 29 Februari 1940 akashinda Oscar, tuzo kubwa ya filamu ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Sherehe ilikuwa katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles, ambayo haikupokea weusi. Mtayarishaji wa filamu ilibidi amwombee ruhusa ya kuingia. Waigizaji wenzake walikaa pamoja. Yeye aliwekewa meza ndogo kando, ukutani. Jina lilipotajwa alipita katikati ya meza za wakubwa, maua meupe kichwani, akashukuru huku machozi yakimlenga. Ukumbi ulimpigia makofi mengi, na hayo makofi ndiyo yanayonisumbua. Walimpenda kweli. Na kiti chake kilikuwa bado kule ukutani.

Alifariki mwaka 1952. Alitaka azikwe katika makaburi ya Hollywood. Makaburi yale yalikuwa ya wazungu tu. Jiwe la kumbukumbu lake likaja kuwekwa pale mwaka 1999.

Nilikuwa tayari kuwahukumu watu wa hoteli ile, ndipo nikamfikiria dada wa kazi nyumbani kwetu. Ana miaka minne nasi. Tunamsifia mbele ya wageni: mwaminifu, mcha Mungu, chapati zake hazina mfano. Jumapili mimi na mama watoto tunakaa kiti cha tatu kutoka mbele. Yeye anakaa benchi la mlangoni na mdogo wetu mapajani, ili mtoto akilia atoke naye upesi. Hatukuwahi kumwamuru. Ilijipanga yenyewe, na kila mmoja akaona sawa.

Juzi jioni alikuwa akikunja nguo sebuleni. Nikamuuliza, kutoka kule mlangoni, mahubiri anayasikia?

Akacheka kidogo, akaendelea kukunja. "Nyimbo nasikia, baba."